Kinyago cha Aliyeshika Mkia

Mama yangu huita mahudhurio hata mezani. Akishatua sufuria, kabla hajapakua, anataja jina la kila mtu wa nyumba, na mtu hujibu "Nipo" hata kama magoti yenu yanagusana. Asiyekuwepo lazima mwenzake amsemee yuko wapi na anarudi saa ngapi. Wanangu wawili wanaona ni mchezo. Mimi nimelichoka jambo hilo tangu nina miaka sita, na bado nikiitwa naitikia upesi, maana usipoitikia hupakuliwi.

Jina la mwisho kwenye orodha hiyo ni la mjomba, mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuwa akila kwetu kila Jumapili. Mama ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye vumbi la uani, ndiye aliyemsukuma mpaka akaingia chuo cha ualimu. Mwishowe wote wawili wakawa walimu wakuu katika wilaya yetu ndogo yenye shule kumi na tisa: mama shule ya bondeni, mjomba shule ya barabarani. Kwa mguu ni saa moja na nusu kutoka moja hadi nyingine.

Shuleni walimwita Bi Daftari. Walimu wakuu wengine waliwaachia walimu wa madarasa kazi ya mahudhurio; yeye aliingia mwenyewe darasa la saba kila asubuhi, daftari la gamba la kijani kwapani, kalamu ya wino mkononi. Penseli hakuitaka. Alisema ukimwandika mtoto kwa penseli umeshaanza kumfuta.

Basi akaja afisa elimu mpya, mtu wa tai na asilimia. Neno lake lilikuwa moja, uwajibikaji, na alilitamka mpaka wapishi wa shule wakawa wanaulizana nani awajibike sufuria ikiungua. Akaagiza kila shule ipimwe kwa kitu kimoja tu, wastani wa mtihani wa darasa la saba, na orodha ibandikwe ukutani nje ya ofisi yake, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Ya kwanza ilipewa kikombe. Ya mwisho ilipewa kinyago.

Kinyago chenyewe ni cha mti mweusi, kirefu kama mkono wa mtu mzima: mzee aliyeachama, ulimi nje, sikio moja limevunjika. Watu walikiita Bwana Mkia, maana aliyeshika mkia ndiye aliyeondoka nacho. Sharti lilikuwa kikae mwaka mzima juu ya meza ya mwalimu mkuu, kimeelekea mlangoni, ili kila mzazi anayeingia akutane nacho kwanza. Mgongoni kulipakwa rangi nyeupe, na kila shule iliyokipokea iliandika hapo jina lake na mwaka. Mwalimu mkuu atakayekishika miaka miwili mfululizo, anavuliwa cheo.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu nayo ni kupima. Lakini futi kamba yangu haijawahi kumlaumu mteja kwa ufupi wake, wala sijawahi kumwambia mtu aliache tumbo nyumbani ndipo aje nimpime.

Mwaka juzi mjomba alishika mkia. Jumapili hiyo alikula ameinamia sahani.

"Dada, wazazi wananicheka," alisema. "Wanakiamkia kile kinyago kabla yangu. Nikikishika tena, nimekwisha."

"Wafundishe watoto, mdogo wangu," mama akamjibu. "Njia nyingine sijui."

Njia nyingine aliijua yeye. Miezi mitano kabla ya mtihani uliofuata, Jumatatu asubuhi, alifika shuleni kwa mama na watoto saba wa darasa la saba na fomu saba za uhamisho, zote zimegongwa muhuri. Wazazi wao wamehamia bondeni, alisema, dada amsaidie kuwapokea. Ni nani angekagua fomu ya ndugu yake? Mama alisaini zote saba palepale, amesimama, akawaingiza watoto kwenye daftari la kijani kwa wino.

Kesho yake msichana mmoja kati ya wale saba alifika saa tatu, miguu vumbi tupu.

"Mbona umechelewa, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Natoka mbali, mwalimu."

"Si mmehamia huku?"

"Hatujahama, mwalimu. Tuko palepale, nyuma ya shule yetu. Mwalimu mkuu alisema sisi tuje huku, huku ndiko wanakofundishwa wasiojua kusoma."

Mama akampa kitabu asome. Hakuweza. Akawapa na wengine sita mmojammoja, na wanne kati ya wote saba hawakumaliza mstari wa kwanza. Hapo ndipo alipoelewa mjomba amemletea nini.

Hakusubiri Jumapili. Alimwita jioni ileile, na mimi nikawa nimekaa na cherehani yangu pembeni, nimejifanya hamnazo.

"Shule yako iko juu, dada," mjomba alisema. Wala hakukana. "Saba tu hawawezi kukuzamisha. Mimi wangenimaliza."

"Kesho nawarudisha."

"Kwangu nimeshawafuta. Usajili wa watahiniwa unafungwa Ijumaa. Ukiwarudisha hawana pa kufanyia mtihani, watakaa nyumbani." Alisema hivyo macho makavu, akaomba aongezewe chai. Nami, Mungu anisamehe, nilimwongezea.

Alipoondoka nilimrukia mama. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, warudishe, mwenye dhambi aibebe mwenyewe. Mama akaniuliza dhambi hiyo msichana wa vumbi miguuni ataibebea wapi. Hasira haikuniisha. Asubuhi alimwandikia afisa elimu barua akaeleza yote, kurasa mbili. Majibu yalirudi Alhamisi, mistari mitatu: fomu zimekamilika, muhuri upo, na kila shule itawajibika kwa watahiniwa wake. Ijumaa mama alisajili watoto arobaini na watano, thelathini na wanane wake na saba wa mdogo wake.

Miezi mitano hiyo sikumwona mama akirudi nyumbani mapema. Alibaki na wale saba baada ya kengele, akianza na herufi, kwa kitabu cha darasa la kwanza alichokifunika gazeti ili wenzao wasiwacheke. Kufika siku ya mtihani wote saba walikuwa wakisoma, wengine kwa kukwamakwama kama cherehani iliyokosa mafuta, lakini wakisoma. Matokeo yalipotoka wawili kati yao walikuwa wamefaulu. Kwenye fomu za ofisi hakuna safu ya kuandika jambo hilo.

Karani wa takwimu, mama mmoja niliyewahi kumshonea sare ya harusi, alininong'oneza hesabu yenyewe. Bila wale saba shule ya mama ingekuwa na wastani wa mia na ishirini na nane, ya nane kwenye orodha. Pamoja nao ilipata mia na kumi na saba. Iliyoitangulia ilipata mia na kumi na nane. Shule ya mjomba ilipanda hadi ya kumi.

Siku ya kikao mama aliniomba nimsindikize. Alisema atarudi na mzigo.

Ukumbi ulijaa viti vya plastiki, walimu wakuu mbele, wazazi na walimu nyuma. Orodha ilimulikwa ukutani, makofi yakapigwa kwa kikombe. Kisha afisa elimu akatangaza utaratibu: aliyeshika mkia mwaka uliopita atamkabidhi aliyeshika mkia mwaka huu. Mjomba akainuka, amekikumbatia kile kinyago kama mtoto mchanga, akatembea mpaka kwa dada yake. Watu walijua ni ndugu. Mama alikipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mdogo wangu," alisema. Mjomba aliangalia viatu vyake.

Afisa elimu akampa mama kipaza sauti aseme neno la uwajibikaji. Ilikuwa desturi aliyoianzisha yeye: unakiri uzembe wako, unaahidi kupanda. Mama akakiweka kinyago sakafuni, akatoa daftari la kijani mkobani, akavaa miwani, akaanza kuita mahudhurio. Aliita majina saba, moja baada ya jingine, na kila jina alilisubiri liitikiwe kama asubuhi darasani. Hakuna aliyeitika. Kila baada ya jina alimtazama mjomba.

"Mwalimu," afisa elimu akamkatiza, "tumeomba neno la uwajibikaji, hatukuomba mahudhurio."

"Ndilo hilo," mama akasema, akarudi kukaa.

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Amevuliwa ualimu mkuu kwa utovu wa nidhamu mbele ya kikao, atafundisha darasa la kwanza shuleni hapohapo. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Mwalimu mkuu mpya hakutaka kuanza kazi akitazamana na ulimi wa mzee yule, akamtuma mlinzi akilete nyumbani ndani ya gunia, na ujumbe kwamba mwenyewe ni mama. Mama akakiweka juu ya kabati la sebuleni, kimeelekea kiti cha wageni.

Mjomba? Mjomba alipandishwa cheo. Shule iliyotoka ya kumi na tisa hadi ya kumi kwa mwaka mmoja haifichiki, na afisa elimu alihitaji mfano wa kuonyesha. Wakamfanya mratibu wa elimu, msimamizi wa shule tano, mojawapo ile ya mama.

Kwa miezi hakufika. Alikuja Jumapili moja kabla ya kikao cha mwaka huu, amevaa tai. Kinyago kimeandikwa kwenye mali za ofisi, alisema, ametumwa kukichukua.

"Kaa kwanza," mama akamwambia, akamwonyesha kile kiti cha wageni. "Hapo mtazamane. Mnajuana."

Akakaa. Chai ilipoa mbele yake. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Dada, ulijua watakushusha. Ungewarudisha tu."

"Kichukue uende," mama akasema.

Alikishusha kabatini, akakigeuza mgongo ili akitie guniani, akaganda. Nilisogea nikasoma. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya ule alioandika yeye mwenyewe mwaka juzi, haukuwa na jina la shule ya bondeni. Lilikuwa jina la shule ya barabarani tena, na mwaka uliopita, kwa mwandiko wa mama, ule wa ubaoni, ulionyooka kama umepigwa rula.

"Dada, hii ni mali ya ofisi!"

"Nimeandika kwa wino," mama akasema. "Watoto walikuwa wako."

Nilicheka kwa sauti, na sijutii. Aliondoka na gunia begani bila kuaga. Nilingoja kikao kama sikukuu, nikijua wilaya nzima itausoma ule mgongo. Karani wa takwimu ndiye aliyenieleza: kinyago kililetwa ukumbini kinang'aa, kimepakwa rangi nyeusi mgongo mzima, hakuna jina hata moja. Afisa elimu alimsifu mratibu kwa kuitunza mali ya ofisi.

Nilimweleza mama jikoni. Aliendelea kukoroga.

Mjomba hajarudi tena kwetu. Jumapili iliyopita mama alitua sufuria, akaita jina langu, akaita ya wanangu, kisha, kama kila Jumapili, akaita la mdogo wake, akasubiri. Wanangu walinitazama. Hakuna aliyejua kusema yuko wapi na anarudi saa ngapi.

"Mama, mfute basi huyo," nilimwambia.

"Nimfute?" Alinitazama kama vile nimemwomba penseli. "Kufuta anajua yeye."

Akamsubiri tena kidogo, akajibu mwenyewe, "Hayupo," akaanza kupakua.