Ukifika, Uliza Bi Biasha

Ukishuka basi pale Kibiti ukaulizia mahali pa kutoa kopi, utaelekezwa kwa Mwamini. Steshenari yake iko nyuma ya stendi, kati ya muuza korosho na fundi pikipiki, na kelele za fundi huyo zimemzoesha kuongea kwa sauti ya juu hata akiwa chumbani peke yake. Humo dukani hupiga picha za vitambulisho, huwasaidia vijana kutuma maombi ya kazi, na hugombana na printa. Lakini hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ni tovuti yake.

Aliitengeneza mwenyewe, baada ya kusomea kompyuta Dar es Salaam na kurudi nyumbani wakati wenzake wote walibaki mjini. Ni tovuti ya akina mama wa Mbwera, huko delta, mto unapomwagika baharini, alikozaliwa, wanaosuka mikeka ya ukindu. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Biasha, na kabla hajajua kusoma alishafundishwa kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka. Ukili wake ulikuwa hautazamiki. Shangazi aliufumua, akamrudishia ukindu aanze upya, na Mwamini anaamini hapo ndipo alipopata subira ya kutafuta kosa ndani ya programu.

Ndiyo maana simu ya shangazi ilimuuma sana.

"Mwamini, toa picha zangu huko kwenye mtandao wako," Bi Biasha alisema, hata shikamoo hakuipokea. "Kumbe ulitukusanya sote ili umtangaze Hanifa."

"Bi Hanifa? Shangazi, mbona kila mtu ana ukurasa wake!"

"Kila ninayemwelekeza anakutana na uso wa Hanifa. Nimekulea mie, au kakulea Hanifa? Zitoe. Na usinipigie tena."

Simu ikakatika. Bi Biasha na Bi Hanifa wameshindana tangu usichana wao. Mpaka leo hawajakubaliana hata namna ya kutia ukindu rangi. Mwamini aliketi nyuma ya printa akalia, na hakuona haya kulia. Akimpoteza shangazi, hana mwingine wa kumwita nyumbani.

Alipokwisha kufuta machozi akaikagua tovuti. Na tuseme kweli, hakuwa amemtengenezea kila mama ukurasa wake kama alivyojigamba. Ukurasa ulikuwa mmoja tu. Mwisho wa anwani yake kulikuwa na mkia mfupi: alama ya kuuliza, neno msukaji, alama ya sawasawa, kisha namba. Mtu akiufungua, ukurasa huusoma ule mkia, hubeba namba mpaka kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za akina mama wote, kisha hurudi na jina, picha, simu na mikeka ya mwenye namba hiyo. Namba moja alikuwa Bi Hanifa, kwa kuwa siku ya kupiga picha ndiye aliyewahi kumaliza kujipamba. Bi Biasha alikuwa tisa. Mwamini akaandika tisa, shangazi akatokea, amenuna vilevile alivyonuna siku ile. Akarudia, akatokea yuleyule. Sasa huyo Hanifa anatoka wapi?

Kesho yake alifunga duka, akapanda bodaboda mpaka Nyamisati, na kutoka hapo boti ya mashine ikampeleka Mbwera. Sadala, anayepokea kamba za boti, alimuuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Karibu. Umekuja kwa nani?"

"Sadala, hunijui?"

"Nakujua. Umekuja kwa nani?"

"Kwa shangazi."

"Basi pita huku. Njia ile imejaa tope."

Bi Biasha hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimkaribisha kwa adabu zote, akamtandikia mkeka mpya kama mgeni wa mbali, yeye ambaye katika nyumba ile alizoea kukaa popote, hata juu ya kinu. Mwamini akakaa ukingoni mwa mkeka.

Chai haijapoa, simu ya Bi Biasha ikalia. Alikuwa mteja wa Dar. Intaneti ya Mbwera ni ya kuisaka, kwa hiyo akina mama hawatumi linki; wanaitaja kwa mdomo.

"Andika, mwanangu," alisema Bi Biasha. Akaitaja anwani kwa ufasaha kabisa, nukta mahali pake, mkwaju, ule mstari wa kulala, mahali pake, mpaka jina la ukurasa. Kisha akavuta pumzi. "Basi, hapohapo panatosha. Ukifika, uliza Bi Biasha."

Chai ilimpalia Mwamini. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena.

Huko delta ndivyo watu wanavyoelekezana. Hakuna anayekueleza nyumba, kwa sababu njia uliyopita asubuhi, jioni imemezwa na maji. Unaelekezwa mpaka bandarini, na ukifika unauliza. Ule mkia wa anwani Bi Biasha aliuona ni maneno mengi tu. Na Mwamini naye, siku ile anaijaribu tovuti, aliuambia ukurasa kwamba usipoona namba yoyote uchukue namba moja, usije ukabaki mtupu. Kisha akasahau. Wageni wote wa Bi Biasha walifika salama, na wote wakasukumiwa kwa Bi Hanifa.

"Shangazi, ule mkia ndio unaosomwa," alisema. "Umalizie: msukaji, sawasawa, tisa."

"Tisa ndiyo nini?"

"Ndiyo wewe."

"Mie? Mie Biasha binti Khamisi, leo niwe tisa?" Akaweka kikombe chini. "Na Hanifa ngapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesingizia kichwa kinamuuma.

"Moja," alisema Mwamini.

"Toa picha zangu."

Akaondoka amejiinamia. Njiani alikutana na Bi Hanifa, naye ana lake. "Mwambie shangazi yako watu wake wananimaliza kwa simu. Kutwa nzima, mie siye Biasha, mie siye Biasha!"

Bandarini boti nyingine ilikuwa inafika. Mgeni mmoja, amebeba viatu mkononi, akakanyaga tope huku akiangaza macho. Sadala akaipokea kamba. "Karibu. Umekuja kwa nani?"

Mwamini akasimama palepale. Akamtazama yule mgeni akitaja jina, akamwona Sadala akimwonyesha njia, na furaha ikampanda hadi akapiga makofi peke yake. Sadala alidhani anapigiwa yeye, akainama kidogo.

Alipofika Kibiti alifumua programu kama shangazi alivyokuwa akifumua ukili. Sasa ukurasa ukiona mkia, unausoma na kumpeleka mgeni kwa mwenyewe. Usipouona, au ukiona namba isiyokuwamo ghalani, haumsukumi mgeni kwa mtu. Unamuuliza: Karibu. Umekuja kwa nani? Chini yake zimepangwa sura za akina mama wote na majina yao. Ukigusa sura, namba inajipachika yenyewe kwenye anwani, na hakuna mama anayeitwa tisa mbele ya watu. Majina akayapanga kwa alfabeti. Kama Biasha alimtangulia Hanifa, hilo hakulitunga Mwamini.

Hakupiga simu, maana alikatazwa. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba anwani itajwe kama inavyotajwa siku zote, kisha akangoja, na wiki ile printa ilisemwa maneno mazito bila kosa.

Siku simu ilipolia, aliidaka kabla haijaita mara ya pili. "Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu."

Kwa marahaba hiyo peke yake Mwamini akaisamehe printa.

"Nimepanda mpaka kule kunakoshika mtandao," Bi Biasha aliendelea, "na simu ya Talib, huyu jirani. Nimeandika mwenyewe, nikaishia palepale ninapoishia. Nikaulizwa nimekuja kwa nani."

"Ukafanyaje?"

"Nikajibu kwa sauti, na Talib shahidi yangu: nimekuja kwangu." Akacheka, cheko lile la zamani. "Nikajigusa, nikafunguka."

Mwamini naye akacheka huku anafuta macho. "Sasa zile picha, shangazi, bado nizitoe?"

"Uzitoe uzipeleke wapi? Ila ile niliyonuna siitaki. Njoo unipige nyingine."

"Nitakuja Jumamosi."

"Njoo. Na mkeka sikutandikii. Utakaa popote."