Wakesho wa Jaladani

Mimi ndiye ninayesanifu jarida jipya la muziki la vijana hapa Voi. Jaladani tulimtaka Wakesho, mwimbaji anayependwa na kila kijana ila sura yake hatukuijua. Nikapanda milimani hadi nyumbani kwake Werugha. Msichana mwenye rasta za zambarau akafungua mlango.

"Wakesho?"

"Ndiye mimi."

Nikampiga picha nikijiona fundi, bila kumpa nafasi ya kuongeza neno.

Siku ya uzinduzi wa jarida, msichana yule alipanda jukwaani akiwa amemshika mkono bibi mwenye kilemba. Bibi ndiye aliyeimba. Sauti ni ile ile tuliyoizoea!

Alipomaliza aliinua jarida letu.

"Wakesho ni mimi," akasema. "Huyu ni mjukuu wangu, nilimpa jina langu tu. Mpiga picha yuko wapi nimsalimie?"