Kilio cha Khala Firdausi

KARACHI. Saa nne asubuhi, Ishtiaq Nadeem amesimama ndani ya chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, mtaa wa Saddar, akibweka. Anabweka mara tatu, anakohoa, kisha anageuka kuwa askari wa barabarani anayemfokea mbwa huyo huyo. Ni katuni ya watoto, na leo amepewa wahusika sita: mbwa, askari, mwalimu mkuu, mbuzi wawili na bibi mwenye duka.

Feni imezimwa kwa sababu maiki inasikia kila kitu. Jasho limemlowesha kola. Amebakiza bibi mwenye duka tu, na hapo ndipo fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, anapomkatisha.

"Ustadhi, huyu bibi mfanye kama Khala Firdausi. Alie kidogo."

"Kwenye karatasi hapa hakuna anayelia," anajibu Ishtiaq. "Bibi anauza biskuti."

"Najua. Ila watu wakisikia kile kilio watajua ni wewe."

Ishtiaq anafumba macho, analia. Fundi anacheka mpaka anashika tumbo, na kicheko kinaingia kwenye maiki. Inabidi warudie mara nne.

Ana miaka sitini na tatu, na arobaini na sita kati ya hiyo ameila kwa kuchekesha. Alianza kwa kufagia jukwaa la kundi moja la maigizo, akapandishwa siku mwigizaji alipougua, hakushuka tena. Amecheza redio miaka kumi na mmoja. Ameigiza jukwaani, ametangaza sabuni, ameiga sauti za wanasiasa, amekuwa mshereheshaji wa harusi nyingi hata hazihesabiki. Anasema Kiurdu cha nawabu, mwinyi wa zamani, na cha muuza samaki, na anaweza kuwagombanisha wawili hao peke yake kwa nusu saa.

Lakini watu wanataka Khala tu. Khala Firdausi, mama mdogo wa mtaa mzima, ni mwanamke aliyemwigiza kwenye televisheni zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Anavaa miwani mikubwa na shali ya kijani, na analia kwa kila jambo: kikombe kikivunjika, bei ya vitunguu ikipanda, jirani akinunua pazia jipya. Kilio chake kinaanzia chini, kinapanda kwa kukatikakatika, kisha kinaishia na kwikwi tatu.

"Watu huniuliza nilikitoa wapi," anasema Ishtiaq, akipuliza chai kibandani nje ya studio. "Sikukitoa popote. Ndivyo ninavyolia mimi. Nilikuwa kijana, sikuwa na kitu kingine cha kuuza."

Uuzaji huo ulimgharimu asivyotarajia. Mama yake alipofariki, miaka tisa iliyopita, Ishtiaq alijikaza tangu maiti alipooshwa mpaka aliposwaliwa. Makaburini, udongo ulipoanza kutupwa, alishindwa. Kwikwi ya kwanza ilipomtoka, mtu mmoja nyuma yake alicheka. Akafuata wa pili. Waliokuwa na majembe waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Si kwamba walikuwa wabaya. Wengine walikuwa binamu zake. Baadaye walikuja kumwomba radhi wakiwa na haya, na alipowajibu, mmoja wao alicheka tena.

Tangu siku hiyo Ishtiaq hajalia mbele ya mtu bila kulipwa. Harusi moja humpa rupia elfu thelathini, na msimu mzuri una harusi kumi na tano. Magoti yamechoka. Anapanda jukwaani kwa kushikilia ukuta, na watu hudhani hata huko ni kuchekesha.

Ana mtoto mmoja, Sumbul, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, anayefanya kazi ya kuchukua damu kwenye maabara ya hospitali. Posa mbili zilikwishavunjika. Ya kwanza, upande wa kijana ulisema waziwazi kwamba hawaoi kwa mtu anayevaa nguo za kike mbele za watu. Ya pili hawakusema kitu, walinyamaza tu na simu hawakupokea.

Kwa hiyo ilipokuja posa ya tatu, mkewe, Nighat, alimkalisha kitako kabla wageni hawajafika.

"Baba Sumbul, leo nakuomba. Usifanye hata mzaha mmoja. Kaa kama baba wa watu."

Ishtiaq aliahidi, na alipoahidi akazidisha. Wageni walikuwa wanne: kijana mwenyewe, Taimur, mhasibu mpole, wazazi wake, na bibi yake mzaa baba, Bibi Zaitun, mwenye miaka themanini na minne, aliyepandishwa ngazi za ghorofa tatu kwenye kiti. Baba yake kijana aliuliza habari za kukatika kwa umeme. Ishtiaq akasema alhamdulillahi. Akaulizwa magoti yanaendeleaje. Alhamdulillahi. Sambusa zikapita, chai ikamiminwa, na Bibi Zaitun hakumwondolea macho hata mara moja, akamtazama kama mtu anayesubiri televisheni iwashwe.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akainama mbele, akauliza swali ambalo kila kipindi cha Khala kilianza nalo, swali ambalo jibu lake mji mzima unalijua kwa moyo: kilio.

"Firdausi, mwanangu, vitunguu siku hizi bei gani?"

Nighat anasema alimwona mumewe akiweka kikombe mezani kwa mikono miwili.

"Mia mbili na hamsini kwa kilo, Bibi," alisema Ishtiaq. "Alhamdulillahi."

Wageni waliondoka wakiwa wameacha nusu ya sambusa. Sumbul aliosha vyombo. Kesho yake mama wa kijana alimpigia Nighat simu, sauti imejaa kuumia. Kama mzee hawataki, alisema, angewaambia tu, si kuwanunia. Walikuwa wamekuja kwa sababu Bibi alishikilia: katika familia zote zenye mabinti, yeye anataka ile ya Firdausi. Amemwona mtu aliyemchekesha alipokuwa mjane mpya, na mtu huyo hata tabasamu hakumpa.

Nighat alieleza yote. Wanawake hao wawili walicheka simuni mpaka salio likaisha. Jioni hiyo hiyo posa ilikubaliwa, harusi ikapangiwa mwezi wa Januari. Bibi Zaitun alikuwa na ombi moja dogo: wakati wa kumuaga bibi harusi, kabla hajapanda gari, Khala Firdausi atokee na shali yake, alie kile kilio chake.

"Nighat aliniambia akiwa anafurahi," anasema Ishtiaq. "Sikumlaumu. Yeye alisikia kwamba mwanawe anaolewa. Mimi nilisikia kwamba saa ile moja ya kulia niliyoiwekea akiba miaka tisa, nayo imeshachukuliwa."

Alhamisi baada ya alasiri alitia shali na miwani kwenye mfuko wa plastiki, akapanda bajaji hadi mtaa wa Nazimabad, nyumbani kwa kina Taimur. Nia yake ilikuwa amlipe Bibi Zaitun kilio chake mapema, ili Januari amwachie. Alimfanyia Khala saa nzima, yeye peke yake, pembeni ya kitanda chake. Alimlilia kikombe, alimlilia pazia, alimlilia na kiyoyozi kibovu. Kisha akavua miwani, akazungumza kwa sauti yake.

"Bibi, nina ombi. Siku ya kumuaga binti yangu niruhusu nisiwe Khala. Nataka nilie mwenyewe."

Kwenye hilo neno la mwisho sauti ilimpasuka, ikapanda kwa kukatikakatika.

Bibi Zaitun alimkodolea macho kidogo. Halafu akaangua kicheko, akapiga godoro kwa kiganja, mpaka mkwewe akaja mbio na maji. "Umenimaliza, Firdausi," alisema, akijifuta machozi. "Hilohilo. Siku ile ulirudie hivyohivyo."

Ishtiaq alivaa miwani tena, akamalizia chai yake.

Nyumbani, Sumbul alimwangalia usoni akaelewa. Aliuliza kama awapigie awaambie basi.

"Basi ya nini? Kijana ana kosa gani?"

"Bibi yake, Baba."

"Bibi yake mzee, mwanangu. Ningekuwa fundi bomba angeniomba nimtazamie bomba."

"Lakini umechoka."

Ishtiaq anasema ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo.

Sasa kadi zimeshachapishwa na ukumbi umelipiwa. Akiulizwa ana mpango gani, Ishtiaq anasema amekwisha kuamua. Shali ya kijani ataivaa msafara wa bwana harusi utakapofika mlangoni, awachekeshe wote mpaka wachoke. Kisha ataivua, anawe uso, arudi akiwa baba tu. Sumbul hana kaka, kwa hiyo kazi ya kuunyanyua msahafu juu ya kichwa chake, apite chini yake kwenda kwenye gari, ni ya Ishtiaq.

"Nitalia, hilo najijua," anasema, akisimama taratibu kwa ajili ya magoti. Ndani wanamwita, kuna mbuzi mmoja wa kurudiwa. "Na mikono yote miwili itakuwa juu, sitaweza hata kuuficha huu uso. Watacheka. Acha wacheke. Ninachoomba ni kimoja: yule aliye chini ya ile mikono asigeuke kutazama kama nafanya mzaha."