Neno Walilomvika Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mpiga pasi wa mashuka ya hospitali, na wenzake walimwita Jenereta. Umeme ukikatika, wengine waliacha kazi wakapiga soga. Yeye aliwasha pasi ya mkaa akaendelea. Mimi jina hilo sikuwahi kulipenda. Jenereta walau hutiwa mafuta.

Katika chumba chao cha kufulia, mpiga pasi husimama. Kiti ni kimoja tu, cha anayeshona mashuka yaliyochanika, na mwingine yeyote akikikalia hutaniwa mpaka ainuke. Basi mshonaji akastaafu. Shangazi, ambaye ikifika jioni miguu ilimvimba hata kandambili zikamkataa, akaamua kuomba nafasi ile. Alivaa gauni lake la maana, akaenda kazini na ombi lake moyoni.

Akakuta kikao. Mkuu wa kitengo akamwita mbele, akamsomea cheti cha sifa, watu wakapiga makofi. Ombi akalimeza pamoja na soda.

Jioni aliniletea hicho cheti, maana mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Alikaa kitandani kwangu, akanyoosha miguu, akaweka kidole juu ya neno moja refu: indefatigable.

"Hili alilisoma mara mbili, mwanangu. Maana yake nini?"

"Ni sifa, shangazi. Mtu asiyechoka."

"Asiyechoka leo, au?"

"Hata kesho. Mtu ambaye uchovu haumwezi."

"Na wanaambiwa watu gani? Mkuu wetu naye anaitwa hivyo?"

Ilibidi nifikiri. Ni neno la nadra, hulisikii sokoni wala jikoni. Utalikuta kwenye hotuba za kuagana, kwenye mazishi na kwenye vyeti, na mara nyingi anayelitamka siye aliyeishika kazi yenyewe. Nilimweleza hivyo kwa hasira, na hasira ile haikumhusu yeye, maskini.

"Basi wamenivisha kilemba cha ukoka," alisema. "Sasa kiti nitakiombaje? Asiyechoka anakaa ili iweje?"

Nilimletea maji ya moto na chumvi, akatumbukiza miguu.

"Na aliyechoka," aliuliza baadaye, "kwa Kiingereza anaitwaje?"

"Tired."

"Kafupi hivyo?"

"Kafupi hivyo hivyo."

"Na hako hawakukaona." Akacheka kichovu, huku akijisugua goti.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu, akakiweka cheti mezani. Alinisimulia mwenyewe: "Nikamwambia, bosi, neno lenu zuri, ila si langu. Mimi ni tired. Naomba kazi ya kushona."

Mkuu alicheka, akidhani Jenereta analeta utani. Shangazi hakucheka. Alisimama palepale, kwa miguu ileile, mpaka kile kicheko kikamwishia mkuu mdomoni na macho yake yakashuka, pengine kwa mara ya kwanza, yakaiona miguu yenyewe.

Sasa ni mshonaji. Siku ya kwanza alipokikalia kile kiti alilia, sindano mkononi, shuka mapajani, na chumba kizima hakuna aliyemtania.