Siku Pikapu ya Mahfoudh Haikuwepo

Watu wa mtaani kwetu walikuwa hawatazami mbingu, wala hawasikilizi redio. Walikuwa wakitazama pikapu ya kaka yangu. Ukiiona pikapu nyeupe ya Mahfoudh imesimama pale wadini, bondeni yanapopita maji ya mvua, chini ya mkunazi, na taa yake ya manjano inazunguka, basi hupiti. Unazima gari, unasubiri, unapiga soga na wenzio. Usipoiona, unapita. Miaka kumi na tisa tuliishi hivyo, na maji hayakuchukua hata mbuzi wa mtu.

Mie ni Balqis, mdogo wake. Nnasema mapema usije ukadhani nnakusimulia khabari za jirani.

Mtaa wetu uko nyuma ya milima, upande wa Sidab na mbele zaidi, na baina yetu na mji ipo wadi moja. Mgeni akiiona anacheka: ni uwanja wa mawe makavu tu, mbuzi wanalala humo. Barabara inashuka, inakatisha juu ya mawe, inapanda ng'ambo. Daraja hapana. Ubaya wa wadi ni kwamba maji yake hayatoki juu ya kichwa chako. Kwako jua linawaka, umeanika nguo, kumbe kule milimani mvua imenyesha saa nzima, na maji yako njiani yanakuja na mawe makubwa kama friji.

Mahfoudh alikuwa mtu wa barabara wa ofisi ya mkoa. Injinia sie, asije mtu akampa cheo bure. Alikuwa msimamizi wa vibarua sita. Tulipovuka bahari kutoka Unguja kuja huku kwa Waarabu yeye alikuwa na miaka saba, mie ningali mgongoni kwa mama. Alianza kwa kumwaga lami kwenye makampuni, mpaka mkoa ukamchukua. Kiarabu chake kina Uunguja ndani yake mpaka leo, na vijana wa kazini walikuwa wakimwigiza akiwasikia. Alikuwa hajali. Kilichomuudhi ni mtu kuchelewa na chai isiyo na tangawizi.

Kazi ya wadi hakutumwa na mtu, alijipa mwenyewe. Kule juu mlimani yuko mchunga mbuzi mmoja, Ghaith, wamejuana tangu ujana. Mvua ikianza tu kule, Ghaith anapiga simu, na Mahfoudh anajua ana saa moja na kidogo. Anaacha chochote anachofanya, anachukua vibarua wake, wanafunga njia pande zote mbili kwa minyororo. Nimemwona akiinuka kwenye sahani ya biriani na mkono una mchuzi. Polisi nao huja, lakini wao wanatoka mbali, na pengine maji hufika kabla yao.

Sasa mkewe Nasriya, wifi yangu, akapata maradhi ya figo. Jumapili, Jumanne na Alkhamisi lazima apelekwe hospitali mjini kusafishwa damu. Wadi ikijaa, hapiti. Mara moja ilijaa siku nne, na Nasriya akavimba uso hata macho yakawa hayaonekani. Tulimwekea mito, tukamsomea, tukawa tunasikiliza pumzi zake. Siku ya tano maji yalipopungua Mahfoudh alimbeba mwenyewe mpaka garini.

Toka hapo akawa ana jambo moja tu kichwani. "Balqis," aliniambia, "nnataka daraja lile lisimame kabla sijastaafu. Mie sitakuwa pale chini ya mkunazi milele, na huyu mwanamke hawezi kungojeshwa na maji."

Na daraja lilikubaliwa, wallahi. Nusu ya fedha itoke serikali kuu, nusu itoke mkoani. Walikuja watu wenye helmeti, wakapima, wakakita vijiti vyenye utepe mwekundu kuanzia ukingo huu mpaka ule. Mahfoudh akamtia mkewe ndani ya gari akampeleka kuvitazama.

"Umenitoa kitandani kuja kunionyesha vijiti?" Nasriya akamuuliza.

"Hivyo ndivyo daraja linavyoanza."

"Haya, hongera. Una vijiti vizuri."

Walicheka wote wawili. Mwezi ule nyumba yao ilikuwa na furaha, na mie nilikuwa nikienda kula huko kila siku.

Furaha ile iliharibika Ijumaa moja, nyumbani kwa Aflah, mtoto wa ami yetu. Aflah ni mtu wa mipango wizarani, ana jumba mjini, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na miti ya waridi mbele. Si mtu mbaya, Aflah. Alitulisha vizuri, akatutilia kahawa kwa mkono wake, halafu akasema kwamba fedha za serikali kuu za barabara za mikoa mwaka huu zimeelekezwa kwingine. Kuna barabara kuu mpya ya mwendo wa kasi, inatakiwa imalizike mapema, na kila fungu ambalo halijaanza kutumika limehamishiwa huko.

"Hazikupotea," akasema. "Zimehama tu."

"Na daraja?" Mahfoudh akauliza.

"Mkoa bado unayo nusu yake."

"Nusu ya daraja ni nini, Aflah?"

Aflah akakiweka chini kikombe chake. Akatueleza taratibu, kama anavyoeleza daktari. Mkoa ulikuwa ukitegemea fedha za serikali kuu kwa mengi, si daraja tu. Zikishahama, ile nusu yao itabidi izibe mashimo ya barabara zote za ndani, itie taa, ifagie mchanga. Daraja litaingia kwenye foleni ya mwaka mwingine, na bei ya mwaka mwingine nayo si hii. Halafu akafika pale alipokuwa hataki kufika. Vibarua sita wa Mahfoudh, mafuta ya pikapu na hata minyororo vilikuwa vikitoka kwenye fungu lilelile. Kikosi kizima kitahamishiwa kwenye barabara kuu. Na Mahfoudh pamoja nacho, na pikapu.

"Na wadini atasimama nani?"

"Litawekwa bango."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia, "Basi hama na wewe, Aflah, uje ukae kwetu na bango lako." Mkewe akajifanya anakusanya vikombe. Mahfoudh akanishika mkono, akaniambia ninyamaze, na tulirudi nyumbani na halwa tuliyofungiwa ambayo hakuna aliyeila.

Mahfoudh aliandika barua tatu wizarani. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba jambo lake limezingatiwa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe, na yule bwana wa pale akamwambia kwa adabu kubwa kwamba kivuko kile hakijapata ajali hata moja kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo kwenye orodha ya hatari hakimo. Mahfoudh alikuja kunihadithia huku anasugua uso. Hakijapata ajali kwa sababu yeye alikuwa akikifunga. Kazi yake nzuri ndiyo iliyomnyima daraja.

Ijumaa ya mwisho kabla hajahama alisimama msikitini baada ya sala. "Kuanzia wiki hii mie sipo," akawaambia. "Msitazame pikapu. Mkiona wingu milimani, msipite." Wakaitikia, wakamshika mkono, wakamwombea dua. Jioni akayarudia jikoni kwake mbele yangu na mbele ya Nasriya, na mie nikamjibu kwamba nimesikia, mie si kiziwi.

Nilisikia. Hilo ndilo linalonimaliza.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Saeed, jirani yetu mwenye teksi, ndiye aliyetupeleka hospitali na kutungoja. Nasriya alipomaliza alikuwa amechoka, lakini akatamani mkate wa ufuta, tukapita mtaa wa Azaiba kuununua. Mkate bado ulikuwa na moto, nikaupakata. Mjini jua kali. Tulipoyakaribia makwetu niliona weusi juu ya milima, mbali kabisa, na nikasema moyoni kwamba uko mbali.

Kivukoni palikuwa na maji membamba yanapita juu ya lami, rangi ya chai ya maziwa, hayafiki kifundo cha mguu. Gari moja mbele yetu lilipita likapanda ng'ambo. Saeed akapunguza mwendo.

"Bi Balqis, tupite?"

Nikatazama chini ya mkunazi. Sikulitazama bango, lilikuwa limesimama pale pale jipya linang'aa. Sikuutazama mlima. Nilitazama chini ya mkunazi kama nilivyotazama miaka kumi na tisa, na pale palikuwa patupu.

"Pikapu haipo," nikamwambia. "Twende."

Simu yangu ikalia ndani ya mkoba. Nikaona jina la Mahfoudh. Nasriya alikuwa amelala begani kwangu, sikutaka kumtikisa. "Huyo anataka kujua kama mkewe amekula," nikamwambia Saeed. "Tutamjibu tukifika."

Tulikuwa katikati yalipokuja. Kwanza nilisikia mawe, yanagongana. Saeed akakanyaga mafuta na gari likazima, maji yakapanda mlangoni, halafu gari likainuka na kugeuka upande kama vile halina uzito. Saeed akatoka dirishani, akanishika nguo, akanivuta. Mie nilikuwa nimemshika Nasriya mkono, ule mkono wa sindano wenye bendeji. Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Bendeji ikabaki mkononi mwangu.

Tulimpata asubuhi, chini sana, karibu na bahari.

Baadaye nilijua yote. Ghaith alipiga simu kwa wakati wake, kama siku zote. Mahfoudh alikuwa kwenye barabara kuu, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Akapiga ofisi ya mkoa, wakamwambia hawana tena kikosi cha kupeleka. Akapiga polisi, wakaondoka palepale, wakafika sisi tumeshachukuliwa. Akanipigia mie mara nne; tatu za mwanzo sikuzisikia, simu iko mkobani.

Alikuja bado amevaa fulana ya kazi ya njano. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake, na nilitaka anipige, wallahi, ningepata nafuu. Akachutama mbele yangu.

"Balqis. Mlikuwa mnatazama nini?"

"Nilitazama pikapu."

Akasema, "Ndiyo," akainuka akaenda kukaa na wanaume. Toka siku ile hajaniuliza tena, na mie siwezi kukaa naye chumba kimoja nikameza chakula.

Ameacha kazi. Vijiti vya daraja bado vipo, vitatu au vinne, tepe zimekuwa nyeupe kwa jua. Ghaith akipiga simu, Mahfoudh anakwenda na kigari chake kidogo cha bluu, anakiweka chini ya mkunazi, anasimama katikati ya njia. Ana miaka hamsini na nane na moyo wake sasa unamsumbua. Na watu, Mungu atusamehe, wameanza tena. Wanatazama kigari cha bluu.

Jana alikuwa hospitali, wamemlaza wampime. Simu yake ilibaki kwangu; mchana Ghaith akapiga, nikaipokea mie. Nikatoka mbio na kanga niliyokuwa nayo mwilini, nikafika wadini sina pumzi. Palikuwa pakavu, na kule juu pameiva weusi. Magari matatu yalikuwa yakishuka. Nikasimama katikati ya lami, nikaitandaza kanga kwa mikono miwili.

Lile la mbele likapiga honi, halafu likasimama. Kijana akashusha kioo, kwa heshima kabisa.

"Mama, tupishe," akaniambia. "Njia nzuri. Mahfoudh hayupo."