Barua ya Ranika na Chupa ya Ramu

Barua ilitakiwa chuoni Ijumaa, na hadi Jumatano mchana Ranika Burrell alikuwa ameshachana nne. Alikaa jikoni kwangu, kwenye meza ninayomenyea viazi vikuu vya wanafunzi, kalamu mdomoni, uso kama aliyelishwa ndimu. Swali lenyewe mstari mmoja: kwa nini unataka kusomea fiziotherapia? Mtoto anayeongoza darasa zima kwa biolojia ameshindwa na mstari mmoja!

"Si uandike unataka kusaidia watu," nilimwambia.

"Nimeandika hiyo, Anti Verona. Madam Dacres kanirudishia."

"Kasema nini?"

"Kasema hii ni barua ya mtu yeyote. Eti hata mbuzi wa Kocha angeweza kuiandika."

Nilichukia. Huyo Madam Dacres ndiye mwalimu wao wa biolojia, na bila sahihi yake barua haiendi popote. Nilitaka nimfuate ofisini nikampe vidonge vyake. Lakini supu ilikuwa motoni, na kusema kweli niliogopa. Kilichokosekana kwenye barua ile nilikijua mimi kuliko mtu yeyote.

Nimeipikia timu ya riadha ya shule hii miaka kumi na tisa. Uji wa ndizi asubuhi, viazi vikuu na ng'onda mchana, na mtoto asiyemaliza sahani ananijua. Na kwetu mpishi wa timu ndiye mkandaji. Hakuna aliyenifundisha. Mama yangu alikuwa akiwakanda wakata miwa, alipokufa nikachukua chupa yake: ramu nyeupe iliyolowekwa punje za pimento, kiungo cha kwetu chenye harufu kali, mpaka ikawa rangi ya chai. Unapaka, unaweka kitambaa cha maji ya moto, kisha unakanda kwa nguvu zako zote. Mtoto akilia tunasema maumivu yanatoka, basi unazidi kukandamiza.

Ranika alikuwa mkimbiaji wa mita mia nne. Mwaka juzi, siku tisa kabla ya mashindano makubwa ya shule kule Kingston, alisimama ghafla mazoezini akashika paja kwa nyuma. Kocha Pinnock hakuuliza hata kimetokea nini. Alipiga kelele kutoka ng'ambo ya uwanja: "Mpelekeni kwa Verona! Mwambieni namtaka Jumatatu!"

Wenzake wakamleta wamemshika huku na huku. Nilimlaza kifudifudi kwenye meza hii hii.

"Anti, inauma vibaya."

"Inauma kwa sababu imo. Tulia niitoe."

Nilimkanda mpaka jasho langu likamdondokea mgongoni. Kesho yake paja lilikuwa limevimba, rangi ya bilinganya. Nikakanda tena. Jumatatu alirudi mazoezini kwa sababu Kocha alimtaka, na kwa sababu mimi nilisema yuko tayari. Kingston alikimbia vizuri mpaka nusu ya pili, mbele ya watu wote wale na ngoma zao, kisha akaanguka kama aliyepigwa ngwala. Chuo cha Marekani kilichokuwa kikimwandikia kila wiki kikanyamaza.

Maneno hayakukosekana. Bibi yake alisema ni kijicho cha watu. Kocha alisema ni viatu. Mimi niliwaitikia wote wawili.

Wilaya yetu nzima ina mtaalamu mmoja tu wa fiziotherapia, kwa hiyo tulisubiri zamu miezi mitatu. Nilimsindikiza mwenyewe. Tukamkuta dada mdogo mwenye miwani, aligusa paja kidogo tu akauliza, "Siku ya kwanza mlifanyaje? Mliweka barafu?"

"Lilikandwa," alisema Ranika. "Kwa maji ya moto."

"Msuli umechanika, unaukanda kwa moto? Ndiyo maana damu ilijaa humu ndani. Mmeuchana zaidi. Nani alikanda?"

"Nilijikanda mwenyewe," akasema Ranika.

Nyuma ya paja! Namna ile! Yule dada alinitazama mimi, nami nikatazama ukuta, nimepakata mkoba wa Ranika mapajani. Tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza. Wiki ile ile ndipo alipoanza kuazima vitabu vya misuli na mifupa.

Basi Jumatano hiyo nilikuwa namenya viazi pembeni yake.

"Haya, nisomee ya tano," nikamwambia.

Akasoma: "Tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na mwili wa binadamu..."

"Uongo mtupu! Tangu utotoni umevutiwa na ng'onda na televisheni."

Hakucheka. Aliifinyanga karatasi akaitupa kwenye maganda.

"Basi niandike nini, Anti? Eh? Kila nikianza kusema kweli naishia kwako! Madam Dacres atasoma, atamwambia Kocha, shule nzima itajua kabla ya kengele. Watakufukuza. Sitaki. Na uongo nao sitaki tena. Nimechoka mimi!"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka miwili mtoto alikuwa amenibeba, na mguu wenyewe mbovu. Hasira nazo zilinijaa: kwa Kocha asiyeuliza, kwa shule yenye kabati zima la makombe na hakuna hata mtu mmoja anayejua msuli ni nini, kwa mama yangu na chupa yake. Lakini Kocha hakuwepo jikoni siku ile, na mama alikuwa kaburini. Aliyekuwepo ni mimi.

Mficha uchi hazai. Nilifuta mikono, nikaitoa chupa kabatini, nikaiweka mezani mbele yake.

"Nitaje mimi humo. Jina langu na kazi yangu."

"Anti..."

"Andika, we mtoto, kabla sijaghairi!"

Alivuta karatasi safi, akaandika mistari kadhaa bila kuinua kichwa. Nilijifanya nakoroga supu. Alipokuja kusema, sauti yake ilikuwa ya upole na ya kazi, kama ya yule dada mwenye miwani.

"Siku ya kwanza ulinikanda muda gani?"

"Kwani hiyo nayo lazima?"

"Lazima."

"Dakika arobaini," nilisema. "Na wewe unalia."

Akaandika. "Barafu ilikuwepo?"

Nilitazama friza la samaki. Lipo pale pale lilipokuwa mwaka juzi, hatua mbili kutoka mezani.

"Ilikuwepo," nikasema. "Tele."

Akaandika na hiyo.