Jina Nililoipa WiFi Yangu Lilimng'oa Jirani Meno

Mimi ni mbaya. Naanza hapo ili usihangaike kunitafutia visingizio, maana vyote nimeshavijaribu na hakuna kinachonitosha. Jirani yangu alipigwa mpaka meno mawili ya mbele yakatoka, na waliompiga walisoma kwangu kwamba yeye ni mwizi.

Naishi Kisumu Ndogo, hapa Kibera, kwenye ploti ya nyumba kumi. Nauza viatu vya mitumba mtandaoni. Naegemeza simu kwenye kopo, naenda laivu, nashika kiatu kimoja kimoja nikipiga kelele hadi koo linakauka. Mwaka huu nikajitutumua nikawekewa WiFi yangu mwenyewe. Nilijiona!

Fundi aliyeleta ruta aliniambia nibadilishe paswadi siku hiyo hiyo, kwa sababu ile iliyokuja nayo imeandikwa kwenye stika, chini ya ruta. Nikamwambia sawa, sawa. Alipotoka nikaigandamiza ruta kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, maana kwingine kote kulikuwa kumejaa viatu. Paswadi nikaiacha ile ile.

Mwezi haukuisha kabla mtandao haujaanza kukwama. Niko laivu, mteja anauliza saizi, nami nimeganda kwenye skrini mdomo wazi. Wateja wanatoka mmoja mmoja. Nikajua kuna mtu ananinyonya.

Asubuhi moja Baba Vivi wa nyumba namba sita akabisha. Huyu alikuwa fundi wa simu, mtu mzima, mpole, meza yake iko nje ya geti la ploti. Simu yangu ilipokataa kuingiza chaji, aliitengeneza na akakataa pesa.

"Mama Viatu, sasa," akasema. "Hiyo router yako, hebu igeuze. Na hiyo password ya sticker, change. Watu wanakumaliza."

Umesikia? Mtu ametoka kwake kuja kunionya! Lakini mimi na kichwa changu kigumu nikasikia mwizi akijitaja. Kwani amejuaje kwamba natumia ile ya stika?

"Na wewe umejuaje?"

"Si inaonekana hapo..."

Hakumaliza. Nilimfungia mlango usoni.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, vile fundi alivyonionyesha. Pale kuna visanduku viwili, cha juu ni jina la WiFi na cha chini ni paswadi. Kwenye cha juu nikaandika NYUMBA 6 NI WEZI WA WIFI. Nikaisoma, nikaona haina makali. Nikafuta maneno mawili ya mwisho. Ikabaki NYUMBA 6 NI WEZI.

Kisanduku cha chini sikukigusa. Nilitaka aendelee kuiba, ili kila akijiunga akutane na jina lake. Roho yangu ilikuwa imeoza kiasi hicho na sitaki kuipamba.

Ploti nzima ilicheka. Ukitafuta WiFi kwenye simu yako, hata ukiwa unapita njia tu, unalipata jina hilo juu kabisa. Nani ataacha simu yake kwa fundi ambaye hewa yenyewe inasema ni mwizi? Wiki mbili tu, meza ya Baba Vivi ikabaki na vumbi. Akaja tena, safari hii bila salamu.

"Toa hiyo kitu, mama. Mimi kazi yangu ni kuaminiwa tu, sina ingine."

"Kama si wewe, mbona inakuuma?" nikamjibu. Nikaenda zangu kupanga viatu nikijihisi mshindi. Mjinga mimi!

Halafu Jumapili moja Mama Shiru wa nyumba namba mbili akatoka kanisani akakuta mtungi wake wa gesi umeibwa. Akapiga nduru. Hakuna aliyeuliza maswali. Watu walienda namba sita moja kwa moja, wengine wakiwa bado na Biblia kwapani. "Si hata kwa WiFi imeandikwa!" mmoja akapayuka. Wakamtoa nje na vesti, mtoto wake Vivi akiwa amemshika mkono, akilia.

Mimi nilikuwa wapi? Mlangoni kwangu! Hatua kumi. Ningesema neno moja tu, kwamba mimi nilimaanisha WiFi, sikumaanisha gesi. Sikusema. Niliogopa kuonekana niliandika kitu nisichokijua. Nilitazama wakimpiga mpaka alipoanguka, kisha nikaingia ndani nikafunga.

Mtungi haukupatikana kwake. Wala hakuna aliyemwomba radhi. Siku ya tatu alihamia Kawangware, na mimi nikasema afadhali, sasa mtandao utakimbia.

Haukukimbia.

Bomba la ploti liko chini ya dirisha langu, lakini mimi sipangi foleni, mwenye mkokoteni huniletea maji mlangoni. Wiki hiyo hakuja. Nikachukua jerikeni, nikasimama kwenye foleni kama wengine, nikainua macho. Ruta yangu hiyo! Tumbo lake limebanwa kwenye kioo, stika imetazama nje, paswadi inasomeka herufi kwa herufi.

"Hii mnaionanga?" nikamuuliza Mama Shiru.

"Si wewe ulituwekea? Ploti yote tuko kwa hiyo. Tulisema huyu mama ana roho safi."

"Na Baba Vivi?"

"Ai, huyo alikataa. Alisema ya mwenyewe haiguswi kama hujaambiwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ndio utufungie?" Akasogeza jerikeni yake mbele, hata hakunitazama. Nikawachukia wote pale bombani, halafu nikakumbuka aliyeandika ni nani.

Nilimtafuta Baba Vivi Kawangware siku mbili nzima. Nilimkuta nyuma ya soko, anauza vifuniko vya simu. Nikaanza kulia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Unaniomba huku, nani anakusikia?" akasema, maneno yakipulizia kwenye pengo. "Rudi uandike pale pale uliandika."

"Nitaandika leo. Ikae mpaka lini?"

Akafungua mdomo, akaweka kidole kwenye ufizi mtupu. "Mpaka haya yaote." Akageukia mteja.

Nimeandika. Ukipita kwetu washa simu uone: NYUMBA 6 SI WEZI NILISINGIZIA. Mama Shiru ananiambia niitoe, eti naaibisha ploti. Sitoi! Naye simpi paswadi mpya, wala yeyote kati yao.

Nawe unayenisoma huku ukinitukana, tukana tu, lakini inuka kwanza uende kwa ruta yako. Badilisha paswadi leo, toa hiyo stika machoni pa watu, na hasira zako usiziandike mahali kila mtu anaposoma. Na mtu akija mlangoni kukuonya, mwache amalize. Wangu alikuwa amebakisha neno moja tu: "dirishani."